Mzinga wenye magurudumu

Kijana wa Bunda anayebuni gari la mizinga kwa hadithi ya mwaka 2300 asihangaike kuazima jina ughaibuni. Mzinga wenyewe ni gogo lililotobolewa, makao ya nyuki. Silaha ina uwazi uleule, na ukiichokoza utajuta. Majina mengine huja vitani: katika Vita vya Kagera dhidi ya Uganda, 1978–79, jeshi la Tanzania, JWTZ, lilitumia BM-21: lori lenye mitutu 40, roketi zote zikitoka kwa sekunde 20 hivi. Waganda wakaliita Saba Saba, ambayo Tanzania ni siku chama cha TANU kilipozaliwa, 7 Julai 1954. Jina la kifaru limeshachukuliwa na gari la vita la minyororo. La kiboko bado liko huru, na kwa chombo kinachotoka Ziwa Victoria na kupanda Musoma kikifyatua, mimi ningechagua hilo.