Mzee Alisema Waarabu Ndio Walijenga Gede, Tukabishana Mbele ya Choo

Wasee, kila Disemba mnaenda Pwani. Najua kwa sababu naona picha zenu: bahari, madafu, miguu kwenye mchanga, basi. Mkirudi, mtu akiwauliza Gede ni nini, mnasema ni pale matatu inakata kona kwenda Watamu. Siwacheki. Hata mimi nilikuwa hivyo hadi Disemba iliyopita.

Ilikuwa safari ya familia na kusema ukweli, mimi na Mzee hatukuwa tunaongea vizuri. Tangu niache chuo mwaka wa pili, kila nikitoa maoni nyumbani najibiwa, "Ungemaliza kwanza." Siku ya tatu huko Watamu mvua ikaharibu mambo ya bahari. Mathe akasema basi twendeni tuone yale magofu, tusikae tu kwa nyumba tukitazamana.

Tukaingia Gede. Kwanza ni msitu. Mibuyu mikubwa, kima wanakuangalia kama wewe ndiye maonyesho, na katikati ya miti kuna kuta. Kuta za mawe ya matumbawe, milango yenye matao, visima virefu vya kuogopesha. Kuna msikiti mkuu, kuna jumba la mfalme, kuna nyumba za matajiri zilizopangwa karibu karibu, halafu ukuta wa ndani na ukuta wa nje umezunguka mji. Kuna kaburi limeandikwa mwaka wa Kiislamu unaolingana na 1399. Hebu fikiria. Mwaka wa 1399, Nairobi haikuwepo hata kwa ndoto.

Sasa mdogo wangu, yuko Gredi ya 6, akauliza swali la kawaida kabisa: "Nani alijenga hapa?"

Mzee akajibu bila kufikiria, "Waarabu." Vile mtu anajibu swali la mtihani alilolipita kitambo.

Mimi nikasema, "Hapana, Baba."

Hapo ndipo ilianzia. Tulikuwa tumesimama mbele ya choo. Sitanii. Zile nyumba za Gede zilikuwa na vyoo vya ndani, na mahali pa maji ya kujisafishia. Mzee akanigeukia: "Wewe umejulia wapi?"

Nilijulia kwa kusoma usiku nikitafuta stori za video, ndio hivyo. Lakini wacha niwaambie kile nilimwambia.

Mzee hakuwa anatoa hilo jibu hewani. Ndivyo walivyofundishwa. Gede ilichimbuliwa kuanzia 1948, wakati wa ukoloni, na James Kirkman, na kitabu chake cha 1954 kiliuita mji wa Waarabu hapo hapo kwenye jina la jalada. Wazungu wengi wa wakati huo walikuwa wameamua kwamba Mwafrika hajengi kwa mawe. Wakiona ukuta mzuri, lazima aliyeujenga ametoka ng'ambo. Hilo wazo likaingia vitabuni, likaingia darasani, likamfikia Mzee, na sasa lilikuwa linaelekea kwa mdogo wangu.

Lakini angalia ushahidi. Kule Shanga, kisiwa cha Pate, wanaakiolojia walichimba chini ya msikiti wa mawe wakapata misikiti mingine midogo ya miti, ya zamani zaidi, hadi karne ya 8. Maana yake mji haukushushwa na jahazi ukiwa tayari. Watu walianza na miti na udongo, wakapata pesa za biashara, wakajenga kwa mawe. Gede yenyewe, mawe yalikuwa ya wenye uwezo. Watu wa kawaida waliishi kwenye nyumba za udongo, ndiyo maana leo huzioni. Na lugha ya hawa watu ni hii unayosoma sasa hivi. Kiswahili ni Kibantu. Kimekopa maneno mengi ya Kiarabu, lakini mifupa yake ni ya hapa.

Mzee akasema, "Na dini? Na hivyo vyombo vya Uchina?" Maswali poa, na sikutaka kumdanganya. Wageni walikuwepo. Mwaka 2023 utafiti wa DNA kutoka makaburi ya zamani ya Waswahili ulionyesha mchanganyiko: upande wa akina mama karibu wote ni Waafrika, upande wa akina baba wengi walitoka Uajemi, na kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Kwa hivyo watu walikuja, wakaoa, wakakaa, watoto wao wakawa Waswahili. Na vile vyombo vya Uchina ni biashara. Malindi, kilomita chache kutoka hapo, ilimtumia mfalme wa Uchina twiga mwaka 1415. Kama una simu iliyotengenezwa Uchina mfukoni, hiyo haikufanyi Mchina.

Halafu tukafika msikiti mkuu, na juu ya mlango mmoja kuna umbo la mkuki limechongwa. Mkuki, kwenye msikiti. Mzee akautazama sana. Hakusema nimeshinda, wazee hawasemi hivyo. Alinyamaza tu.

Kinachoniuma ni hiki. Tukiwa Malindi, watu walikuwa wamejazana kwa nguzo ya Vasco da Gama, kila mtu na selfi. Yule jamaa alipita 1498, akakaa siku chache, na hata mtu wa kumwonyesha njia ya kwenda India alipewa na mfalme wa Malindi. Gede ilikaliwa kwa mamia ya miaka hadi karne ya 17, watu wakahama, labda kwa sababu ya vita, labda visima vilikauka, labda yote mawili. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Na sisi tunapitia hapo tukikimbilia bahari.

Mtoto akiambiwa kila kitu kizuri nchini mwake kilijengwa na mgeni, anakua akingoja mgeni mwingine. Hilo ndilo nilikuwa nabishania pale mbele ya choo. Sikuwa nataka kumshinda Mzee.

Disemba ikifika, toeni masaa mawili tu. Nendeni na wazazi, nendeni na wadogo wenu, mbishane.

Tukirudi kwa gari, Mzee alikaa kimya hadi karibu tufike. Halafu akauliza bila kugeuka, "Hiyo ya mkuki, utaiweka kwa video?"

Nikasema ndiyo.

"Basi uiweke vizuri."