Action (jarida)

Action lilikuwa jarida la katuni la kila wiki nchini Uingereza, lenye hadithi kadhaa katika kila toleo. Lilianzishwa na mwandishi Pat Mills na kuchapishwa na kampuni ya IPC kuanzia tarehe 14 Februari 1976 hadi Novemba 1977.

Mapokezi

Vijana walilipenda. Wahusika wake wengi walikuwa watu wa kawaida wasiotii wakubwa, tofauti na mashujaa wenye adabu wa majarida ya zamani. Hadithi iliyojulikana zaidi ilikuwa "Hook Jaw", inayomhusu papa mla watu. Magazeti na baadhi ya wazazi walilalamikia umwagaji damu wake. Malalamiko yalizidi kwa sababu ya "Kids Rule OK", hadithi ya magenge ya vijana baada ya tauni kuua watu wazima.

Kusimamishwa

Oktoba 1976 kampuni ililisimamisha, na karibu nakala zote za toleo la tarehe 23 Oktoba ziliharibiwa. Lilirudi Desemba likiwa limepunguzwa ukali, likapoteza wasomaji wengi. Mwaka 1977 liliunganishwa na jarida la Battle. Mtindo wake uliendelea katika 2000 AD, jarida ambalo Mills alilianzisha mwaka huohuo.