Lushoto, Mji Uliofuata Baridi

Anayetaka kuijua Lushoto asianzie Lushoto. Aanzie Vuga, si mbali na Soni, ambako Wakilindi walitawala Usambara kabla Mjerumani yeyote hajaupanda mlima huu. Masimulizi huuanzisha ukoo huo na Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu aliyetoka Nguu, akawalisha Wasambaa nyama, nao wakampa nchi. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyeishi na Wakilindi, aliyaandika hayo katika Habari za Wakilindi, na hadi leo atakayeandika tarehe ya Usambara hana budi kupita mlangoni kwake.

Mtawala aliyetajika kuliko wote ni Kimweri ye Nyumbai. Mmisionari Krapf alimfuata Vuga mara mbili, mwaka 1848 na 1852, akakuta mfalme ambaye sauti yake ilisikika mpaka pwani ya Pangani. Alipokufa, ukoo ukapasuka. Mwanawe Semboja hakutaka makao ya Vuga. Alikaa Mazinde, bondeni, kwenye njia ya misafara, akapata bunduki na wafuasi, akapigana na mpwa wake aliyerithi enzi. Miaka ya vita hivyo watu wengi walikamatwa na kuuzwa pwani.

Wajerumani walikuta nyumba iliyokwisha kuungua. Mwaka 1895 Semboja alifariki, na mwaka huo huo Mputa, aliyekuwa akitawala Vuga, alinyongwa na Wajerumani. Kinyashi akawekwa mahali pake. Kituo chao cha Mazinde kikaachwa na joto lake, na boma likajengwa juu, Lushoto, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, wakauita mji huo Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Sababu haikuwa ya kivita wala ya kibiashara. Walitaka baridi. Walitaka mahali pa kulala bila mbu, pa kupanda waridi na viazi, na wapo waliotamani paitwe makao makuu ya koloni lote.

Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Kutoka hapo mpaka Lushoto ni kilomita 33 hivi za kona juu ya kona, mto ukinguruma upande mmoja na mwamba ukiegemea upande wa pili. Walowezi walijaribu kahawa, lakini ardhi ya Usambara ilionekana tajiri kwa sababu ya msitu tu. Msitu ulipokatwa, utajiri ukaondoka nao. Kilicholipa ni mkonge wa tambarare na mbao za mlimani. Kule Shume kampuni ya Wilkins & Wiese ilining'iniza magogo ya mierezi kwenye waya, yakashuka genge lote mpaka stesheni ya Mkumbara. Ukiliona genge lile kwa macho yako ndipo utaelewa wenye waya ule walitaka nini hasa.

Miongoni mwa walowezi alikuwamo Tom von Prince, aliyewahi kupigana na Mkwawa wa Wahehe. Waafrika walimwita Bwana Sakarani, mtu aliyelewa vita, na shamba lake likachukua jina hilo. Aliuawa Tanga mwezi Novemba 1914, Waingereza waliposhuka pale wakashindwa. Leo Sakharani ni shamba la watawa Wabenediktini, na wageni hupanda kununua mvinyo na makadamia bila kumuwaza mlevi wa kwanza.

Baadaye Waingereza waliitwaa nchi, nao wakaipenda baridi ile ile. Horace Byatt, aliyekabidhiwa utawala wa kiraia mwaka 1917, aliuanzia Lushoto kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Walikuta pia miteremko inayomomonyoka, na baada ya vita kuu ya pili wakawalazimisha wakulima kuchimba matuta. Wasambaa walikataa. Matuta yalikula nguvu za wanawake kuliko mtu yeyote, na wengi waliyaona kama mtego wa kunyang'anywa mashamba, dhana isiyo ya kijinga kwa watu waliokwisha kuona walowezi. Hasira hiyo ilikuwa mbolea nzuri kwa TANU, chama kilichodai uhuru, na kabla ya uhuru mpango ule ukaachwa.

Mgeni wa leo huoneshwa nyumba za Kijerumani, makanisa, kisha hupelekwa msitu wa Magamba. Binafsi ningeanza na msitu. Mbega huruka juu ya vichwa, ukungu ukishuka huoni mwenzako, na usiku mwongoza wageni mwenye tochi atakutafutia kinyonga mwenye pembe mbili, wa Usambara hii ya Magharibi. Nje ya mpaka wa hifadhi kila kipande kimelimwa, mpaka kwenye miteremko ambayo mbuzi angefikiri mara mbili.

Kisha Irente. Shamba la Walutheri linauza jibini na mkate, na mbele kidogo mlima unakatika ghafla. Chini, karibu mita elfu moja, ni Mazinde ya Semboja: mkonge, reli, na barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Arusha. Semboja aliujua mlima wote, akachagua joto, kwa sababu mali ilipita kule. Malori ya kabichi na karoti yanayotoka sokoni Lushoto nayo hushukia huko huko, na bei ya kabichi ya mlimani hupangwa na watu wasiowahi kupanda zile kona.