Nani Atanunua Mbao?

Matokeo ya mwisho ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, yalipotangazwa Novemba 2023, Wakenya walizungumza kuhusu alama: nani ameongoza, nani ataitwa shule gani. Wachache walikumbuka kwamba mtihani huo ulizaliwa 1985 ukiwa na ahadi nyingine kabisa. Mtoto wa darasa la nane alitarajiwa kumaliza akijua kupiga randa, kushona, kutunza kitalu cha mboga na kuunda kitu kwa mikono yake.

Wazo hilo lina umri mkubwa. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika Mashariki 1924 ilihimiza kazi za mikono shuleni, na mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete. Waafrika wengi walishuku kwamba watoto wao wanaandaliwa kuwa vibarua, na shaka hiyo iliendelea hata baada ya uhuru. Ripoti ya Gachathi ya 1976 kuhusu elimu ililifufua suala la kazi za mikono. Kisha tume ya Mackay, iliyoundwa 1981 kuchunguza haja ya chuo kikuu cha pili, ikapendekeza mfumo mzima wa elimu ubadilishwe. Hivyo ndivyo ilivyokuja 8-4-4: miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu.

Serikali ilileta mtaala. Karakana zikaachiwa wazazi. Kwa harambee walijenga vyumba vya ufundi na sayansikimu, wakachangia misumeno, jiliwa na cherehani. Palipokosekana pesa, randa ilibaki mchoro wa ubaoni, na walimu wengi walifundisha masomo ambayo wao wenyewe hawakuwa wamefunzwa.

Mtihani nao ukamaliza kazi. Ufundi ulipimwa kwa maswali ya kuchagua jibu A, B, C au D. Aliyekariri majina ya vifaa bila kuvigusa alipita. Aliyeunda gari la waya nyumbani, lenye usukani mrefu unaogeuza magurudumu ya mbele barabara, hakuwa na mahali pa kulionyesha, ingawa ndani ya gari lile mlikuwa na nyenzo, ekseli na msuguano. Huo ulikuwa uhandisi halisi, na shule iliupita bila kuutazama.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yaliondolewa kwenye KCPE, na jumla ya alama ikashuka kutoka 700 hadi 500. Wazazi walishusha pumzi. Karakana nyingi walizozijenga zilikosa kazi.

Mtaala wa umilisi, CBC, ulianza kujaribiwa 2017 na kuenezwa 2019. Ugomvi wake mkubwa ulilipuka 2021, na kilichousisimua umma ni sanamu ya kufukuza ndege shambani. Wanafunzi wa Gredi ya 4 walitakiwa kuitengeneza katika somo la kilimo. Picha za masanamu yaliyovishwa nguo kuukuu zilisambaa mitandaoni, pamoja na malalamiko kwamba wazazi ndio wanaoyashona usiku, baada ya kazi, huku wakilipia pia intaneti na kuchapisha makaratasi. Septemba mwaka huo wakili Esther Ang'awa alikwenda Mahakama Kuu kuupinga mtaala. Waziri wa Elimu, George Magoha, aliutetea kwa ukali.

Sanamu yenyewe haikuwa na kosa. Mtoto anayechagua mti, anayepima urefu wake na kujaribu kuusimamisha penye upepo anajifunza mengi. Kosa lilikuwa kumpa kazi hiyo aifanyie mbali na mwalimu, kwa vifaa ambavyo shule haikununua, ikawa kazi ya mama.

Tangu hapo zimeongezwa programu za kompyuta, na tableti zilizoanza kugawiwa 2016 zimetajwa sana. Januari 2023 Gredi ya 7, ya kwanza ya sekondari ya chini, iliwekwa katika shule za msingi, nyingi zikiwa hazina maabara. Lakini kazi za mikono hazifanyiki bila vifaa, kwa hiyo katika bajeti ya elimu, fungu la mbao, betri, nyaya na misumari ya watoto linastahili kutengwa na serikali kila muhula, sawa na chaki, kabla mzazi hajaombwa mchango mwingine.