Frene Ginwala: Mhariri Aliyeteuliwa na Mwalimu

Februari 1970, Rais wa Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitaifisha gazeti la The Standard la Dar es Salaam. Uhariri alimkabidhi Frene Ginwala, mwanamke wa Afrika Kusini mwenye asili ya Kihindi, mwanachama wa chama cha ukombozi cha nchi hiyo, ANC, aliyeishi uhamishoni. Gazeti hilo la serikali halikukusudiwa kuwa tarumbeta tu: Mwalimu aliliagiza liunge mkono siasa ya Ujamaa, lakini liwe huru kukosoa matendo ya viongozi.

Wapo watakaosema uhuru huo ulikuwa wa maneno matupu, kwani mwaka 1971 Ginwala aliondolewa baada ya tahariri iliyoilaani serikali ya Sudan kwa kuwaua wakomunisti. Hoja hiyo ina uzito, maana inaonyesha mpaka ulipowekwa. Hata hivyo, mhariri anayeimba wimbo wa wakubwa haondolewi kwa sababu ya tahariri. Kuondolewa kwake kunathibitisha kwamba aliutumia uhuru aliopewa hadi ukomo wake. Mwaka 1994 Ginwala akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Afrika Kusini.