Shule za Upili Zinazopakana Kisii na Nyamira: Aina za Majengo na Aina za Ushirikiano

Shule jirani, kwa maana inayotumika hapa, ni shule mbili au zaidi za upili ambazo mwanafunzi anaweza kutoka moja akafika nyingine kwa miguu kabla kipindi kimoja cha dakika 40 hakijaisha. Katika sehemu kubwa ya Kenya maana hiyo ingepata shule chache. Huko Kisii na Nyamira inazipata nyingi mno. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,300, na watu 605,576 Nyamira, katika kilomita za mraba 900 hivi. Wengi wao hawaishi mjini. Wametapakaa milimani, boma kando ya boma, na shule zimewafuata huko huko.

Ujirani wenyewe ni wa aina tatu. Upo ujirani wa uwanja mmoja, ambapo kanisa, shule ya msingi, shule ya upili na pengine zahanati zimekaa juu ya ardhi iliyotengewa misheni zamani: Nyabururu kwa Wakatoliki, Nyanchwa kwa Waadventista, Itierio kwa Walutheri. Upo ujirani wa mgongo wa mlima, ambapo shule zimejipanga kando ya barabara moja ya juu huku shule za mlima wa pili zikionekana ng'ambo ya bonde. Katika aina hii umbali wa ramani hudanganya, kwa kuwa kuteremka hadi mtoni na kupanda tena wakati wa tope ni safari nyingine kabisa. Aina ya tatu ni ujirani wa mpakani. Nyamira ilimegwa kutoka wilaya ya Kisii mwishoni mwa miaka ya 1980, na Katiba ya 2010 ikazifanya sehemu hizo mbili kuwa kaunti. Mji wa Keroka umekaa juu ya mpaka huo, na kaunti zote mbili zimegombea ushuru wa soko lake.

Asili ya shule mara nyingi husomeka katika jina lake. Herufi DOK humaanisha Dayosisi ya Kisii, iliyoundwa 1960 na kupewa Maurice Otunga kama askofu wa kwanza. SDA ni Waadventista, ELCK Walutheri, PAG Wapentekoste, na DEB ni halmashauri za elimu za wilaya za enzi ya ukoloni. Kanisa lililotoa herufi hizo huitwa mfadhili, ingawa mara nyingi ufadhili wake siku hizi hauzidi kasisi, maombi na kauli yake katika uteuzi wa bodi.

Kwa umri, majengo hugawanyika katika matabaka manne, na mara nyingi yote manne huonekana ndani ya uzio mmoja. Tabaka la chini kabisa ni la serikali ya kikoloni na misheni. Shule ya Kisii, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1930, na shule ya Mosocho ambayo leo inaitwa Kadinali Otunga, kazi ya mabruda kutoka Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni za tabaka hili. Majengo ya aina hiyo yalichorwa na watu wenye ardhi ya kutosha: madarasa yako mbalimbali, veranda ni pana, miti imepandwa kwa safu.

Tabaka la pili ni la harambee, nalo ndilo kubwa na ndilo linalozeeka vibaya. Baada ya Uhuru mwaka 1963 wanavijiji walijijengea shule za upili wenyewe, na kufikia miaka ya 1970 shule za harambee nchini zilizidi zile za serikali kwa idadi. Huku Gusii, yaani eneo la kaunti hizi mbili, fedha za kahawa, chai na pareto zilitiwa katika michango hiyo. Kila ukoo ulitaka shule yake. Hapo ndipo ulipoanza ukaribu usio wa kawaida wa shule za leo: hazikupangwa na mtaalamu wa ramani, zilipandwa na koo zilizokuwa zikishindana, na ekari chache zilizotolewa na mzee mmoja au wawili zilionekana kuwa nyingi kwa wanafunzi themanini. Tabaka la tatu ni majengo ya hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2003. Hutambulika kwa jina la mradi lililopakwa rangi ukutani. La nne ni madarasa ya mtaala mpya, CBC, ya 2021 na 2022, yaliyojengwa kwa msukumo wa waziri George Magoha ndani ya shule za upili kwa ajili ya sekondari ya msingi, ngazi mpya kati ya shule ya msingi na ya upili. Serikali baadaye iliamua wanafunzi hao wabaki katika shule za msingi. Madarasa yalibaki upande mmoja wa ua, na waliojengewa upande wa pili.

Uchakavu na ufinyu ni kasoro mbili tofauti, japo huzungumzwa pamoja. Uchakavu ni hali ya jengo kushindwa kufanya kazi yake hata likiwa na mtu mmoja ndani. Katika darasa la harambee hali hiyo huanzia mahali pawili panapojulikana. Pa kwanza ni chini ya ukuta. Matofali ya kuchoma ya udongo wa Kisii ni imara, lakini mengi yaliunganishwa kwa tope na kupigwa lipu ya saruji nje tu. Pasipo mifereji, maji ya paa huanguka chini na kuruka ukutani, lipu ikabanduka, na safu tatu za kwanza za matofali zikaanza kulika hadi mtu anaweza kuingiza kidole kati ya tofali na tofali. Pa pili ni paani. Kutu ya mabati haianzi katikati ya bati bali kwenye matundu ya misumari na pale bati linapolalia bati, na doa la kahawia kwenye dari, kama dari ipo, hutangulia tundu kwa misimu kadhaa. Nyanda hizi hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, nyingi ikinyesha alasiri. Chini ya mabati yasiyo na dari mwalimu hasikiki. Huandika ubaoni na kungoja.

Ufinyu ni uhusiano kati ya nafasi na idadi ya watu, na jengo jipya linaweza kuwa finyu siku ya kufunguliwa. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataja darasa la mita 7.5 kwa 6, lisilozidi wanafunzi 40 wanapokaa wawili wawili kwa dawati. Hiyo ni zaidi kidogo ya mita moja ya mraba kwa kila mmoja. Wakiingia 60 katika chumba hicho hicho, kila mmoja hubaki na robo tatu ya mita ya mraba, na kinachopotea kwanza ni njia ya mwalimu kupita kati ya madawati. Kwa bweni mwongozo unataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, ujia usiopungua mita 2, milango inayofunguka kwa nje na madirisha yasiyo na vyuma. Masharti haya yana historia ya majonzi: mwaka 2001 wanafunzi 67 walikufa katika moto wa bweni la shule ya Kyanguli, Machakos. Mwaka 2016 mabweni yaliteketezwa katika shule nyingi za Kenya, na Kisii ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika.

Chanzo cha ufinyu wa sasa ni sera mbili njema. Mwaka 2008 serikali ilianza kulipia karo ya masomo katika shule za kutwa, shilingi 10,265 kwa mwanafunzi, kiasi kilichopanda hadi 22,244 mwaka 2018. Mwaka huo huo wa 2018 ikaamuliwa kila aliyemaliza darasa la nane aingie kidato cha kwanza. Fedha za mgao humfuata mwanafunzi. Kuta hazimfuati. Mawaziri wawili waliosimamia elimu katika miaka ya karibuni, Fred Matiang'i wa Borabu na Ezekiel Machogu wa Nyaribari Masaba, walitoka katika kaunti hizi mbili, na ukaribu huo haukupanua ardhi. Ng'ambo ya uzio wa shule kuna chai ya mtu, ndizi za mtu na makaburi ya wazee wake, na makaburi hayauzwi. Njia iliyobaki ni kupanda juu kwa ghorofa, lakini msingi wa harambee haukuchimbwa kwa ajili ya ghorofa, hivyo jengo kuukuu hulazimika kubomolewa kwanza, na likibomolewa wanafunzi hukosa pa kukaa kwa muhula mzima au zaidi.

Ushirikiano wa shule jirani, basi, ni namna ya kupata nafasi pasipo kujenga. Huainishwa kwa kile kinachohama kutoka shule hadi shule: karatasi, watu, vyombo au chumba. Karatasi ndiyo huhama kwa urahisi zaidi. Mtihani wa pamoja hutungwa na walimu wa shule kadhaa, ukachapwa mahali pamoja na kusahihishwa pamoja mezani, kila mwalimu akishika swali lake. Ule ulioitwa wa Borabu na Masaba ulivuka hata mpaka wa kaunti. Mtihani huo hauokoi chumba hata kimoja. Hata hivyo ndio hujenga mazoea ya walimu kujuana, na pasipo mazoea hayo aina nyingine hazianzi.

Watu wanaohama ni wa namna mbili. Mwalimu wa bodi, yaani yule asiyeajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu bali na shule yenyewe, mara nyingi hufundisha shule mbili, siku mbili huku na tatu kule, hasa katika fizikia, kompyuta na masomo mengine yenye wanafunzi wachache. Namna ya pili ni wanafunzi wanaokwenda kwa mjadala wa masomo, ambao walimu huuita simpozia na wanafunzi fanki. Wavulana wanapoalikwa kwa wasichana kujadili riwaya teule, mahudhurio huwa kamili bila mwalimu wa zamu kuinua sauti. Vyombo vinavyohama ni basi, hema, viti, jenereta na, asubuhi za KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, gari la kwenda kuchukua karatasi kwenye kontena la Baraza la Mitihani, utaratibu ulioanza 2016.

Kuhama kwa chumba ndiko kuhama kwa kweli, na ndiko kunakohitaji ufafanuzi. Chumba kinachoweza kushirikiwa ni kile kinachokaa kitupu sehemu kubwa ya wiki: maabara, ukumbi, karakana, uwanja. Darasa linatumika saa zote za masomo na bweni linatumika usiku wote, kwa hiyo hakuna ratiba inayoweza kuvigawa. Tofauti hii hupuuzwa mara kwa mara, kwa kuwa barua ya kuomba msaada kwa shule jirani huandikwa pale bweni linapojaa, jambo ambalo jirani hana la kulifanyia. Katika maabara, kwa upande mwingine, hata shule moja peke yake imezoea zamu: mtihani wa vitendo wa kemia hufanywa kwa makundi, na kundi linalosubiri huwekwa kando chini ya ulinzi lisikutane na lililotoka. Kuongeza kundi la shule ya pili katika utaratibu huo wakati wa mazoezi si jambo geni. Sheria za mitihani zenyewe zinautambua ugeni: shule yenye watahiniwa chini ya 30 hufanyia mtihani katika kituo jirani.

Vizuizi vingi ni vya umiliki. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 huipa kila shule bodi yake ya usimamizi, na bodi haina njia rahisi ya kutumia fedha zake kukarabati jengo la bodi nyingine. Hadubini ikivunjika mikononi mwa mgeni, makubaliano yaliyofanywa kwa mdomo kati ya walimu wakuu wawili huyumba, na mmoja wao akipewa uhamisho hufa. Mpaka wa kaunti si kizuizi kisheria, kwa kuwa shule za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti husimamia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Ila ofisi za elimu na za tume hufuata kaunti, na michezo vilevile. Timu mbili za Keroka zinazofanya mazoezi zikisikiana filimbi hupitia mashindano ya kaunti mbalimbali, na zikifaulu hukutana rasmi kwanza katika ngazi ya Nyanza. Juu ya hayo kuna wastani wa KCSE, ambao wazazi huufuata wakichagua shule. Mwalimu mkuu anayemfungulia jirani maabara anajua kwamba anamnoa mshindani wake.

Mtaala mpya umebadilisha hesabu ya vyumba. KCPE, mtihani wa darasa la nane, ilifanywa mara ya mwisho 2023 na kidato cha kwanza cha mwisho kiliingia Januari 2024, kwa hiyo mwaka 2025 shule za upili zilikuwa na ngazi tatu badala ya nne. Gredi ya 10 ilianza Januari 2026, ikiwa na mielekeo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi ya jamii; na sanaa pamoja na michezo. KCSE ya mwisho imepangiwa 2027, na tangu hapo ngazi zitabaki tatu. Kila mkondo, kwa hesabu hiyo, unabaki na darasa moja tupu. Nafasi hiyo ni ya aina isiyoshirikiwa, nayo humezwa upesi na msongamano wa madarasa yaliyobaki. Mahitaji yanayoongezeka ni ya aina inayoshirikiwa: karakana, studio ya muziki, chumba cha kompyuta, uwanja uliopimwa. Sekondari za msingi zisizo na maabara nazo zimeelekezwa kwenye maabara za shule za upili zilizo karibu, na katika viwanja vya misheni, ambako shule hizo zinapakana, safari hiyo ni ya kuvuka ua.