Uwanja wa Kusini: Rumonge, Kigoma na Hoja ya Ndege ya Taifa

Hoja kwamba Burundi haitafunguka mpaka iwe na shirika lake la ndege imerudiwa mno, hata imeanza kupita bila kudaiwa ushahidi. Wachumi wa usafirishaji nao huizunguka badala ya kuikabili. Hubishana juu ya aina ya ndege, mshirika wa kigeni na asilimia ya hisa atakayopewa, kana kwamba jambo la msingi limekwisha kuamuliwa. Makala haya yanaiangalia hoja hiyo kutoka mahali ambapo kwa kawaida haiulizwi: mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kati ya Rumonge na Nyanza-Lac, penye mawese, ndagala na Kiswahili cha sokoni. Nashikilia kwamba kwa mtu wa mwambao huu kuna swali linalotangulia lile la ndege zipi zinunuliwe, nalo ni hili: uwanja wake wa ndege ni upi?

Jibu la mazoea ni Bujumbura. Ramani haikubali kwa urahisi hivyo. Kutoka mjini Rumonge hadi uwanja wa Bujumbura, Melchior Ndadaye, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 73. Hadi uwanja wa Kigoma ni kama 104. Pengo hilo ni dogo kuliko wengi wanavyodhani. Ukishuka hadi Nyanza-Lac mizani inapinduka kabisa: Bujumbura iko kilomita 118 hivi, Kigoma haizidi 60. Mwananchi wa Nyanza-Lac anaishi karibu mara mbili zaidi na uwanja wa nchi jirani kuliko wa nchi yake. Hata hivyo, mijadala ya ndege ya taifa humhesabu kama abiria wa Bujumbura, kwa sababu hesabu zenyewe hukomea mpakani.

Kwenye maandiko ya usafiri wa anga Afrika yapo mambo ambayo sina ugomvi nayo. Azimio la Yamoussoukro la 1999 na Soko Moja la Usafiri wa Anga la Afrika lililozinduliwa Januari 2018 yamesimama juu ya wazo kwamba nchi zikifungua anga zao nauli hushuka na ruti huongezeka, na hakuna anayelipinga wazo hilo kwa dhati.

Ugomvi uko kwenye ubia. Mfano unaopendwa ni wa Kenya Airways, iliyobinafsishwa 1996 na kumpa KLM asilimia 26. Wanaoutaja husahau kuuweka kando ya mfano wa Tanzania. Mwaka 2002 South African Airways ilinunua asilimia 49 ya Air Tanzania, na mwaka 2006 ubia huo ukavunjika baada ya shirika kudhoofika badala ya kupona. Halafu kuna Precision Air, ambayo Kenya Airways ilichukua asilimia 49 yake mwaka 2003. Ubia huo ulidumu kwa miaka mingi bila kuifanya Precision kuwa tajiri. Mifano hii mitatu imechambuliwa sana kwa upande wa mitaji, lakini ni nadra kuulizwa ratiba ilikuwa mikononi mwa nani. Mshirika mkubwa hupanga safari za mdogo zilishe kituo chake kikuu, na abiria wa mji wa pembeni hujikuta akipitishwa Nairobi au Johannesburg kwa saa zinazomfaa mwenye kituo. Hisa husomwa kwenye mkataba, lakini ratiba ndiyo inayomgusa abiria.

Burundi yenyewe imewahi kujaribu. Air Burundi iliyoanzishwa katika miaka ya 1970 ilisimamisha safari mwaka 2009. Ndege iliyokuwa imebaki mikononi mwake ilikuwa Beechcraft 1900, yenye viti 19. Mwaka 2021 iliundwa Burundi Airlines kuchukua nafasi yake. Simdharau anayetaka kuona bendera ya nchi yake kwenye mkia wa ndege. Hisia hiyo naijua. Lakini ndege moja haiwezi kubeba ratiba. Ikiingia karakana kwa ukaguzi wa lazima, shirika zima limeingia karakana, na abiria aliyekata tiketi ya Jumatano hana ndege ya akiba. Tatizo hili haliwaandami wadogo peke yao. Mwaka 2022 Air Tanzania, shirika lenye hazina ya serikali nyuma yake, ililazimika kuegesha baadhi ya Airbus A220 zake kwa hitilafu za injini ambazo mashirika mengine duniani yalizipata pia. Ikiwa jirani mwenye ndege zaidi ya 10 aliyumba, mwenye moja au mbili atasimama wapi?

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni dola. Karibu kila kitu cha ndege hulipwa kwa fedha za kigeni: ukodishaji, bima, vipuri, ukaguzi wa injini, mafunzo ya marubani. Burundi imekuwa na uhaba mkali wa fedha hizo kiasi kwamba hata mafuta ya magari yamekosekana kwa vipindi virefu. Anayetoka Rumonge kwenda Bujumbura anaujua uhaba huo kwa mwili wake, kwa saa za kungoja gari la abiria aina ya Probox lijae na tangi lake lipate lita kadhaa. Kuchukua dola hizo chache na kuziweka kwenye injini ya ndege inayokwenda Entebbe ni uamuzi unaohitaji kutetewa mbele ya watu hao. Sijasoma utetezi ulionitosheleza.

Sasa nirudi kusini, ambako ndiko uzito wa hoja yangu ulipo. Mwambao kati ya Rumonge na Kigoma haukuunganishwa na wapangaji. Uliunganishwa na watu waliokimbia na watu waliorudi. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianzia Rumonge na Nyanza-Lac, na ukandamizaji uliofuata uliua watu wengi mno nchini kote na kuwasukuma maelfu kuvuka kwenda Tanzania. Wengi walikaa katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwa zaidi ya miaka 30. Wapo waliorudi baada ya 2007 wakakuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wengine, na kesi za ardhi zikajaa mwambao mzima. Wapo waliobaki, na takriban 160,000 wakapewa uraia wa Tanzania. Kwa hiyo ukoo mmoja una shangazi Rumonge, kaka Kasulu na mtoto aliye na duka Dar es Salaam. Safari zao haziendi Brussels wala Dubai. Zinaenda msibani, harusini na Kariakoo.

Mei 2015 hali hiyo ilijionyesha kwa namna ya kutisha. Makumi ya maelfu ya Warundi waliokuwa wakikimbia nchi yao walijazana Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho mara tu baada ya mpaka, chini ya mlima usio na barabara ya maana, na kipindupindu kikazuka. Kilichowatoa ni meli. MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ilikodishwa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa ikawabeba kwa mamia hadi Kigoma. Naitaja safari ile kwa sababu mipango ya anga huchukulia kwamba usafiri wa ziwa umepitwa na wakati. Siku ambayo barabara haikuwapo na ndege haikuwezekana, mwambao ulipita majini kuelekea kusini. Liemba tangu wakati huo imekaa miaka bila kufanya kazi ikingoja ukarabati, na kwa watu wa mwambao huu pengo hilo ni kubwa kuliko la ndege ya taifa.

Kiuchumi, mpaka unafanya kazi kama ushuru wa tiketi. Kwa viwango vilivyotumika Tanzania kwa miaka mingi, abiria anayeruka kwenda nje hulipa ada ya uwanja ya dola 40. Anayeruka ndani ya nchi hulipa shilingi 10,000, ambazo hazifiki hata dola 5. Dar es Salaam hadi Bujumbura ni safari ya nje. Dar es Salaam hadi Kigoma ni safari ya ndani. Ndege zinapita juu ya nchi ileile, tofauti ya umbali kati ya safari hizo mbili ni ndogo, lakini ada peke yake imekwisha kumwambia mfanyabiashara wa Nyanza-Lac ashukie wapi. Tena tiketi ya Kigoma huuzwa kwa shilingi, fedha ambayo mtu anayepeleka mawese na kuleta bidhaa kupitia Mabanda na Manyovu tayari anayo mkononi. Hahitaji kutafuta dola, na benki ya nchi yake haihitaji kumtafutia.

Ubia ambao Rumonge ingeuhitaji, basi, si wa hisa kati ya mashirika mawili ya ndege. Ni wa tiketi moja kati ya ndege, boti na basi: abiria anunue Rumonge safari ya Dar es Salaam, apande boti au gari hadi Kigoma, mzigo wake uandikwe mara moja, na saa ya ndege ijue saa ya boti. Aina ya ndege ingeamuliwa na hilo. Air Tanzania ina Q400, zile ambazo Watanzania huziita mapangaboi, zenye viti 76, na A220 zenye viti 132. Kwa mji kama Kigoma, pangaboi linalokuja kila siku lina thamani kuliko ndege kubwa ya jeti inayokuja mara chache, kwa sababu mtu aliyekosa boti leo anaweza kuruka kesho. Wingi wa safari una maana kubwa kuliko wingi wa viti. Hili wapangaji wa makundi ya ndege wanalijua, lakini picha za uzinduzi hupendeza zaidi ndege ikiwa kubwa.

Nitapingwa kwa usalama. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa katika anga yake, na mwaka 2025 zuio likapanuliwa kwa mashirika yote yaliyothibitishwa nchini Tanzania. Pingamizi hili ni zito na silikwepi: usimamizi wa anga wa Tanzania lazima urekebishwe, na mpango wowote wa tiketi ya pamoja ungepaswa kulitaja hilo kama sharti. Lakini halimwokoi anayetetea shirika jipya la Burundi, maana mamlaka ya nchi ndogo isiyo na ndege za kusimamia ingeanza kujenga uwezo huo kutoka chini kabisa.

Pingamizi la pili ni la mamlaka ya nchi: kwa nini raia wa Burundi wapelekwe uwanja wa wengine? Naona swali limekuja kwa kuchelewa. Ziwa hili tayari linaongozwa kwa pamoja. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa ziwa mwaka 2003, mamlaka yake ina makao Bujumbura, na kutokana na makubaliano ya nchi hizo Tanzania ilianza mwaka 2024 kufunga uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Nchi zilizoweza kukubaliana kumzuia mvuvi asiingie ziwani kwa miezi 3, jambo linalogusa chakula cha usiku cha maelfu ya nyumba, haziwezi kusema ratiba ya boti na ndege ni kubwa mno kwao. Hata Benki ya Maendeleo ya Afrika iliiona njia hii kama kitu kimoja pale ilipoidhinisha mwaka 2018 mradi mmoja wenye vipande viwili: Rumonge hadi Gitaza upande wa Burundi, na Kabingo, Kasulu hadi Manyovu upande wa Tanzania.

Kipande cha Gitaza kinanipa wasiwasi kwa sababu nyingine. Barabara yake, RN3, imebanwa kati ya mlima na maji. Mvua ikizidi mlima huiporomokea, na katika miaka ya karibuni ziwa limepanda na kumeza nyumba za ufukweni. Mpaka wa nchi kavu na Rwanda nao ulifungwa Januari 2024. Njia za kaskazini zinapungua huku wapangaji wakiendelea kuelekeza kila abiria kaskazini.

Sidai kwamba Bujumbura haihitaji ndege. Mashirika ya Kenya, Ethiopia, Rwanda, Uganda na Tanzania yamekuwa yakifika huko, na mji mkuu wa biashara utaendelea kuhudumiwa nayo hata bila bendera ya Burundi kwenye mkia. Ninachodai ni kwamba kwa watu wa kuanzia Rumonge kushuka chini, kila faranga itakayotumika kununua ndege ya taifa itawafaa kidogo kuliko ikitumika kwenye gati la Rumonge, kwenye boti yenye makoti ya kuokolea na ratiba iliyobandikwa, na kwenye makubaliano ya kuuziana tiketi na yeyote anayeruka Kigoma. Inawezekana hoja hii inavuka Nyanza-Lac na kufika Kalemie ya Kongo na Mpulungu ya Zambia; nadhani inavuka. Ningeanza na meza moja ya kukatia tiketi, Nyanza-Lac, siku ya soko.